NJAA, MAHINDI YA SERIKALI NA DAFTARI LA KIJIJI: SAFARI YA KWALUGURU

Ndugu msomaji, leo twende Kwaluguru.

Ukitoka Korogwe mjini kwenda Handeni, unavuka Mto Pangani. Maji ya mto huu hayatoki hapa. Yanatoka mbali, kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru. Nyuma yako unaiona milima ya Usambara. Ina mawingu na miti ya kijani. Mbele yako ni nchi ya Wazigua. Mto una maji mwaka mzima, lakini nchi iliyo mbele yako inangoja mvua.

Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi. Siku hizi barabara ya Korogwe hadi Handeni ina lami. Kando yake utaona miembe, magunia ya mkaa, na mbuzi wanaovuka bila kutazama gari. Utakutana na vijana wa pikipiki waliobeba madumu ya maji, manne au sita kwa mara moja. Madumu hayo yanakueleza habari za wilaya hii kuliko kitabu.

Majina mengi ya huku yanaanza na "Kwa". Kuna Kwamatuku, kuna Kwamsisi, kuna Kwachaga. Kwaluguru ni mojawapo. Ni kata ya Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga. Mgeni akilisikia jina hili hudhani yuko Morogoro, kwenye milima ya Uluguru. Sivyo. Hapa hapana milima mirefu ya kuyavuta mawingu. Watu wanalima mahindi, muhogo, kunde, mbaazi na ufuta. Wanafuga mbuzi, kuku na ng'ombe. Si mahali pa watalii. Lakini ukitaka kujua njaa ni nini, na msaada wa serikali humfikiaje mkulima, nchi hii itakufundisha.

NCHI INAYONGOJA MVUA

Mvua za huku ni za misimu miwili. Vuli huanza Oktoba na kuishia Desemba. Masika huanza Machi na kuishia Mei. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mawingu hayakusoma.

Miaka mingine mvua hainyeshi kabisa. Lakini miaka mingi shida ni nyingine. Mvua inanyesha, watu wanapanda, halafu inaondoka. Mahindi yana siku zake za hatari. Ni pale yanapotoa mbelewele. Ardhi ikikauka siku hizo, kwa wiki mbili au tatu tu, basi. Shina litasimama refu na majani yatapendeza. Lakini ukimenya gunzi utakuta punje za kuhesabu. Mtu anayepita kwa basi ataliona shamba la kijani na kusema, "Huku wana chakula." Mwenye shamba anajua kwamba hana kitu.

Mkumbuke mtu huyo wa basi. Tutakutana naye tena.

Muhogo una tabia nyingine. Ukikosa mvua, huangusha majani na kungoja. Mvua ikirudi, huchipua. Ndiyo maana sisi mabwana shamba hatuchoki kuusema muhogo, mpaka wakulima wametuchoka. Tangu utawala wa Waingereza watu wa nchi kavu walilazimishwa kuupanda. Wengi waliupanda kwa kuogopa faini. Kitu kilichopandwa kwa kuogopa faini hakipaliliwi vizuri. Lakini ukila bada ya muhogo mwezi wa Februari, wakati jirani anahesabu punje, humkumbuki tena aliyekulazimisha.

Mvua nyingi nayo ni maafa. Oktoba 2019 mvua kubwa zilinyesha katika Mkoa wa Tanga. Barabara ziliharibika, na mawasiliano kati ya Handeni na Korogwe yalikatika. Nchi inayolia ukame ilikatwa na maji.

WALIOPANDA JAHAZI

Njaa kubwa za nchi hii hupewa majina, kama watoto. Iko njaa ya miaka ya 1884 hadi 1886 iliyoitwa Kidyakingo. Ndani ya jina hilo kuna kula na kuna ngozi. Watu walichemsha ngozi wakazila. Miaka ya 1890 walikuja nzige, na njaa nyingine ikafuata. Watu waliingia porini kuchimba ndiga. Ndiga ni kiazi cha mwitu chenye sumu. Hukatwa vipande, hulowekwa kwenye maji kwa siku kadhaa, ndipo hupikwa. Mtu mwenye njaa hana siku kadhaa. Waliofanya haraka walikufa.

Lakini iko habari ya zamani zaidi, na nataka uisome polepole.

Katika miaka ya 1830 ukame mkubwa uliiangukia nchi ya Wazigua. Vizazi vilivyofuata vimeihifadhi habari hii kwa mdomo. Wanasema kwamba wafanyabiashara wa pwani walikuja na maneno mazuri. Walisema: njooni, pandeni jahazi, ng'ambo kuna chakula na kazi, njaa ikiisha mtarudi kwenu. Watu walikuwa na njaa. Walipanda, wake kwa waume, pamoja na watoto. Jahazi ziliwapeleka Somalia. Huko waliuzwa kuwa watumwa.

Baadaye wengi walitoroka. Walijenga vijiji vyao kwenye bonde la Mto Juba. Walilima. Na jambo la ajabu ni kwamba waliitunza lugha yao. Walizungumza Kizigua huko Somalia kwa zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka na vita vikaenea. Watu hawa walikimbia tena. Wengine walikwenda Kenya, na maelfu yao baadaye walipokewa na Marekani. Wengine walikuja Tanzania. Wazee wao walikuwa wamewaambia kwamba kwao ni huku. Walipofika Tanga walikuta watu wanaoelewa maneno yao. Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, hapa hapa Wilaya ya Handeni. Walipewa ardhi ya kulima, na baadaye wengi walipewa uraia wa Tanzania.

Waliondoka kwa sababu ya njaa, na vizazi vyao vilirudi baada ya zaidi ya miaka 150. Nimeiweka habari hii hapa kwa sababu moja. Watu wale walipokea msaada bila kujua masharti yake. Sharti ni jambo unalotakiwa kulitimiza kwa sababu umepokea kitu. Hawakuambiwa ukweli, na hapakuwa na karatasi ya kusoma. Kama ingekuwapo, nani angeisoma?

Baada ya hapo walikuja Wajerumani, kisha Waingereza. Mashamba ya mkonge yalifunguliwa Korogwe na kando ya reli. Katika miaka mibaya chakula cha karibu kilikuwa huko. Mwanamume wa Handeni alikwenda kwa miguu, akakata mkonge, akalipwa, akanunua unga. Nyumbani jembe lilibaki na mama peke yake. Vuli ilipokuja, nusu ya shamba haikulimwa. Hivyo njaa ya mwaka huu ilizaa njaa ya mwaka ujao.

MAHINDI YA NJANO

Waulize wazee wa Kwaluguru habari za mahindi ya njano. Watacheka kwanza, kisha watakueleza.

Mwaka 1973 na 1974 mvua zilishindwa katika sehemu nyingi za Tanzania. Wakati huo huo watu walikuwa wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kazi hiyo ilikwenda kwa nguvu kuanzia 1973 hadi 1976. Mashamba ya zamani yalibaki mbali na nyumba mpya. Ghala zilikuwa tupu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Pia ilitafuta nafaka ng'ambo. Nyingine ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, nyingine ilitolewa kama msaada. Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, ndilo lililoishika na kuigawa.

Mahindi mengi yalitoka Marekani, nayo yalikuwa ya njano. Huko kwao mahindi ya njano hulishwa zaidi mifugo. Watu wetu walizoea mahindi meupe. Ugali wa njano uliwashangaza. Wakaupa jina la Yanga, kwa sababu ya rangi ya timu ile. Wapenzi wa Simba nao waliula. Njaa haina timu. Kwa kweli mahindi yale yalikuwa na vitamini A kuliko meupe, lakini hakuna aliyewaeleza watu hivyo.

Wengi wa waliokula unga ule hawakujua ulitoka wapi, nani alilipa, wala kwa nini kijiji kimoja kilipata magunia mengi na kingine machache. Walipanga foleni. Walichovya dole gumba kwenye wino, wakabonyeza mahali walipoonyeshwa. Karatasi ilisema nini? Aliyejua ni karani.

MSAADA SI FIDIA

Sasa tuje kwenye mambo ya leo.

Watu wengi huniuliza: "Bwana shamba, mahindi yangu yamekauka. Serikali itanilipa lini?" Swali hili lina maneno mawili yanayochanganywa. Neno la kwanza ni fidia. Fidia ni malipo ya kitu kilichochukuliwa au kuharibiwa na mtu. Barabara ikipita shambani mwako, unastahili fidia. Neno la pili ni msaada. Msaada ni kitu unachopewa ili usife, au uanze tena. Jua likikausha shamba lako, serikali haidaiwi. Inaweza kusaidia. Kiasi chake hakilingani na hasara yako, wala hakikusudiwi kulingana.

Usishangae ukisikia viongozi wakisema kwa ukali juu ya jambo hili. Mwezi Januari 2017, watu walipolia njaa, Rais John Magufuli alisema wazi kwamba serikali haitagawa chakula cha bure, na akawataka watu wafanye kazi. Wengine walikasirika. Wengine walisema ni kweli. Mimi nasema hivi: mzee wa miaka 80 mwenye wajukuu watatu hawezi kuambiwa sawa na kijana mwenye pikipiki. Ndiyo maana lazima iwepo njia ya kuwatenganisha, na njia hiyo ndiyo daftari.

Sheria zipo. Mwaka 1990 Bunge lilitunga Sheria ya Uratibu wa Misaada ya Maafa. Mwaka 2015 ilitungwa sheria mpya badala yake. Mwaka 2022 ikatungwa nyingine, Sheria ya Usimamizi wa Maafa, namba 6. Sheria hii inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia kijiji na kata, mpaka wilaya, mkoa na taifa. Juu kabisa iko Ofisi ya Waziri Mkuu.

Habari ya njaa hupanda ngazi hizo moja moja. Kijiji huandika kwa kata. Kata huandika kwa wilaya. Wilaya huandika kwa mkoa, na mkoa kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kisha wataalamu hutumwa kuangalia hali ya chakula na lishe. Mfumo wao unaitwa MUCHALI. Wanapita vijijini, wanauliza bei ya mahindi sokoni, wanaangalia ghala, wanauliza watu wanakula mara ngapi kwa siku. Ikithibitishwa kwamba kuna upungufu, mahindi hutolewa kwenye ghala za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yaani NFRA. Wakala huu ulianza mwaka 2008. Kabla yake kulikuwa na Hifadhi ya Nafaka ya Taifa.

Sasa yule mtu wa basi amerudi. Safari hii ana kalamu na gari la serikali. Amekuja mwezi wa Mei, mahindi yana majani ya kijani. Asipoingia shambani na kumenya gunzi, ataandika kwamba Kwaluguru ina chakula. Ni kazi ya kijiji kumshika mkono na kumwingiza shambani. Na kijiji kiwe na maandishi: mvua ya mwisho ilinyesha tarehe ngapi, ekari ngapi zilipandwa, ekari ngapi zimekauka, kaya ngapi hazina akiba. Kilio hakiandikwi kwenye taarifa. Tarehe inaandikwa.

Mahindi yakija, si yote ya bure. Mara nyingi sehemu ndogo hutolewa bure kwa wasiojiweza, na sehemu kubwa huuzwa kwa bei nafuu. Katika njaa ya mwaka 2006 mahindi ya serikali yaliuzwa kwa shilingi 50 kwa kilo, bei ya chini sana kuliko ya soko. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona jina lako kwenye orodha, soma kwanza kichwa cha orodha. Ni ya bure au ni ya kununua? Ukibeba gunia tupu kwenda ofisini bila shilingi mfukoni, na orodha yako ni ya kununua, utarudi na gunia tupu. Nimeona mama akirudi hivyo.

Usichanganye pia mahindi haya na fedha za TASAF. Fedha za TASAF zilienea nchini baada ya mwaka 2012 kwa ajili ya kaya maskini. Zina orodha yake. Kuwa kwenye orodha ya TASAF hakukuingizi kwenye orodha ya maafa, wala kukosa moja hakukufungii nyingine. Ni madaftari mawili.

JINA LAKO NI NANI?

Hapa ndipo penye matatizo mengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu wa huku anaweza kuwa na majina manne. Liko jina alilopewa na bibi yake. Liko la dini. Liko la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani au Baba Fulani. Na liko lililoandikwa kwenye kitambulisho, ambalo pengine karani alilikosea herufi. Kijijini kila mtu anakujua. Lakini gunia linapotoka wilayani, linafuata jina lililoandikwa. Mgawaji anatoka mbali. Hakujui. Anaita jina la kwenye karatasi, na kama hakuna anayeitika, anaruka mstari.

Nitakueleza mkutano mmoja. Jina la kijiji naliacha. Orodha ya kaya zenye njaa ilisomwa mbele ya watu, kisha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Watu wakaanza kuondoka. Bibi mmoja alibaki mlangoni. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Aliweka kidole kwenye orodha akakiteremsha mstari kwa mstari, huku midomo ikicheza. Akafika kwenye jina lake. Akasimama hapo muda mrefu. Kisha akamwita karani.

"Mwanangu, hapa umeandika watu wawili."

"Shikamoo bibi. Ndiyo, wewe na babu."

"Marahaba. Kwangu tuko watano."

"Bibi, wajukuu hawaandikwi kwako. Wana baba yao."

"Baba yao yuko Dar es Salaam. Usiku wanalala kwangu. Asubuhi wanaomba uji kwangu. Wewe umewahi kumwona baba yao akipika?"

Waliokuwa wamebaki walicheka. Mwenyekiti alirudi. Akawaita watu wengine warudi pia. Aliwauliza kama ni kweli wajukuu wanakula kwa bibi. Wakajibu kwamba ni kweli. Karani alikata namba mbili kwa mstari mmoja, akaandika tano, na mwenyekiti akatia sahihi kando ya sahihisho. Shughuli yote haikufika robo saa.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kila mtu amepangiwa kilo 12. Huu ni mfano tu. Watu wawili ni kilo 24. Watu watano ni kilo 60. Tofauti ni kilo 36, yaani karibu madebe mawili ya mahindi. Kidole cha bibi kilileta nyumbani madebe mawili.

Watu wengine watatu katika orodha ile walikuwa na makosa ya namna hiyo. Hawakubaki mlangoni. Simlaumu karani sana. Aliandika kaya zaidi ya mia mbili kwa siku mbili, kwa miguu. Lakini orodha hubandikwa ili isomwe, na asiyesoma huiona kama pambo la mlango.

Neno juu ya kipimo. Debe likijazwa sawasawa lina mahindi ya kilo 18 hivi. Debe lililobonyea ubavuni lina pungufu. Kama karatasi inasema kilo, omba mizani. Ukiambiwa mizani haipo, angalia debe kabla halijajazwa, lipindue, ligonge chini. Hiyo si dharau kwa kiongozi. Kiongozi mwema atafurahi, kwa sababu siku mahindi yakipungua, wa kwanza kushukiwa ni yeye.

Na juu ya sahihi. Karatasi ya kupokea huwa na sehemu za jina, idadi ya watu, kilo, tarehe na sahihi. Usitie sahihi mahali penye kilo pakiwa patupu. Patupu patajazwa baadaye, na hutakuwapo. Kama umepewa kilo 40 na karatasi inasema 60, sema palepale kabla ya kuandika jina lako. Ukiishatia sahihi, umesema kwamba ulipokea 60, na ofisi yoyote utakayokwenda itakuonyesha jina lako uliloliandika mwenyewe.

NG'OMBE WALIOKUFA

Wafugaji huniambia kwamba mkulima anakumbukwa na mfugaji anasahaulika. Yapo ya kweli hapo. Gunia la mahindi hugawanyika. Ng'ombe hagawanyiki.

Lakini imewahi kufanyika. Ukame wa miaka ya 2008 na 2009 uliua ng'ombe wengi sana katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Baadaye serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilitoa mifugo kwa baadhi ya kaya zilizopoteza yote. Waliiita kifuta machozi. Angalia jina lenyewe. Machozi yanafutwa, zizi halijazwi. Mtu aliyepoteza ng'ombe mia hakurudishiwa mia.

Hata Marekani, nchi tajiri, mambo ni ya karatasi. Huko kuna mpango wa kumlipa mfugaji ambaye mifugo yake imekufa kwa hali mbaya ya hewa. Hulipwa asilimia 75 ya bei ya wastani sokoni. Yaani kwa kila shilingi 100 za ng'ombe, anapata 75. Lakini lazima atoe taarifa ofisini kwa wakati, na lazima athibitishe alikuwa na ng'ombe wangapi na wamekufa wangapi. Asiye na hesabu hapati.

Kwetu hakuna mpango kama huo wa kila mwaka. Lakini ng'ombe wakianza kufa, mwite afisa mifugo mapema, aone mizoga kabla fisi hawajaitawanya. Andika tarehe, idadi, jike au dume, na eneo. Wafugaji wengi wanaona vibaya kuhesabu ng'ombe mbele ya watu. Nawaheshimu. Lakini waliokufa wanaweza kuhesabiwa.

Tembo nao wasisahauliwe. Kuna kanuni za mwaka 2011 juu ya malipo ya wanyama wakali na waharibifu. Zinaitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Hizo nazo si fidia. Hesabu yake ni ya ekari zilizoharibiwa, na ina kikomo. Tembo wakiingia usiku, usilime wala kusafisha shamba asubuhi. Acha nyayo na mabua yalivyo, ukaite ofisi ya kijiji ije kuona na kupima. Shamba lililosafishwa halina ushahidi.

KAMA JINA LAKO HALIMO

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kisheria unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Huko ndiko orodha inakosomwa, na huko ndiko unakoweza kusema mbele ya watu wanaojua maisha yako. Ofisini uko peke yako na karani.

Kama mkutano umepita na jina lako halimo, nenda kwanza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Usipopata jibu, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Baada ya hapo ni wilayani. Chukua kitambulisho chako, au barua ya balozi kama huna. Andika barua yako fupi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kitongoji, idadi ya watu wanaokula kwako, ekari ulizopanda, ekari zilizokauka, na tarehe. Mistari sita inatosha. Iandike mara mbili. Moja waachie wao. Ya pili iombee muhuri wa kupokelewa, na urudi nayo nyumbani.

Nakala hiyo usiichomeke kwenye paa la nyasi. Mvua ya huku ni chache, lakini siku ikija huanza na karatasi.